Laini ya Pili

Tangu apewe ukuu wa timu, Letisia alikuwa hakaliki. Asubuhi alifika ofisini mtaa wa Yoba, mjini Gitega, kabla ya wenzake, akafungua madirisha, akawasha kompyuta, na kabla kiti hakijapata joto simu ilikuwa imeshaanza. Daktari wa wilaya anataka ripoti. Wafadhili wanataka kikao kisogezwe mbele. Mwenye nyumba anauliza nani atamfungulia fundi wa umeme. Akitoka huyu anaingia yule, hata jua likienda kutua Letisia alijikuta amesimama mlangoni na mkoba begani, amechoka kama mtu aliyeshinda akilima, na akijiuliza leo nimefanya nini, hapati kitu cha kuonyesha.

Zamani alikuwa na la kuonyesha. Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Kampuni ilikuwa ndogo, watu wachache katika vyumba viwili vya ghorofani, na programu iliyoipa jina ilikuwa ya magari ya wagonjwa. Muuguzi aliye kwenye kituo cha afya huko milimani anatuma ujumbe mfupi wa simu, programu inatafuta gari lililo karibu, dereva anapata ujumbe, anawasha gari, anakwenda. Ilianzia mkoa wa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, na Letisia ndiye aliyeiandika tangu mstari wa kwanza. Alikuwa anaweza kuhangaika nayo siku nzima, kanuna, chakula hakipandi, anafuta na kuandika, mpaka ghafla jambo linamfungukia kichwani na programu inakubali. Hapo alicheka peke yake chumbani kama mtu aliyeambiwa siri. Watu wa Muyinga hawakumjua kwa sura, lakini magari yalikwenda.

Mkuu wa timu aliyekuwapo alipoondoka kwenda kutafuta maisha Kigali, Zihalirwa alimwita Letisia ofisini kwake. Zihalirwa ndiye mwenye kampuni, Mkongo wa Bukavu, mtu wa sauti nene na kicheko cha karibu.

"Mi sitafute mutu wa inje," alimwambia. "We iko unajua iyi programme kupita siye bote. Donc, kuanzia lundi ya wiki ijayo, we ndiye chef."

"Lakini Papa Zihalirwa, mimi ni mtu wa kuandika. Watu siwawezi."

"Utawaweza. Batu si kama machine? Unabaangalia fasi gani inakwama, unarekebisha."

Letisia alicheka kwa adabu, akakubali. Kukataa kungemfanya aonekane mwoga. Na ndani yake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema labda ni kweli, labda watu nao wana mahali panapokwama, na ukipaona umemaliza.

Nafasi yake kwenye kibodi akapewa Happy, msichana aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale. Wote wawili walikulia Tanzania, katika kambi za Kigoma, wakarudi Burundi na wazazi wao, na kwa hiyo walizungumza Kiswahili kilichofanana. Ila mwenendo wao ulikuwa mbali. Letisia alipenda kufunga mlango na kupambana na tatizo peke yake. Happy alikuwa mtu wa maswali. Akitumwa Muyinga siku moja alikaa siku mbili, akishinda uwanjani na madereva, anakula nao mahindi ya kuchoma, anawauliza hili na lile. Letisia aliona ni kupoteza muda.

Kisha akaanza mchezo. Ikifika jioni, Happy akishaondoka, Letisia alifungua kazi ya siku ile kuikagua. Mwanzoni alirekebisha neno hapa, nafasi pale. Baadaye alifuta vipande vizima na kuviandika upya kwa mtindo wake. Hakuwa na nia mbaya. Vidole vilimwasha tu. Baada ya siku nzima ya kusikiliza watu wakilalamika, ile nusu saa ya kuandika ilikuwa kama maji ya kunywa.

"Dada, hii ni wewe?" Happy aliuliza asubuhi moja, akionyesha kioo cha kompyuta.

"Nimeifupisha tu. Ilikuwa ndefu mno."

"Sawa."

Akarudi kazini. Lakini tangu siku ile maswali yake yalipungua. Alianza kuleta kazi nusu nusu, mahali pengine ameacha wazi kabisa. Letisia akilinganisha na mwanzo aliona uvivu, akasikitika, akazidi kurekebisha.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuwa nyumbani kwake Nyamugari. Watoto wa majirani walikuwa wanacheza mpira uani, na yeye alikuwa ametandika mkeka barazani, kompyuta mapajani. Alikuwa anapitia orodha ya madereva wa Muyinga akaona jambo lililomkera: kila dereva ameingizwa mara mbili. Jina lile lile, gari lile lile, namba ya simu ndiyo tofauti. Na juu ya hayo Happy ameongeza kipande kirefu, kimezungukazunguka, kinachojaribu namba ya kwanza, kinasubiri, kinajaribu ya pili. Hakuna hata maelezo ya kwa nini.

"Huyu mtoto jamani," Letisia alisema kwa sauti.

Angeweza kumpigia. Simu ilikuwa pale pale kwenye mkeka. Lakini kumpigia kungekuwa mazungumzo, na mazungumzo alikuwa nayo wiki nzima. Akaunganisha majina, akabakiza namba moja kwa kila dereva, akafuta zile nyingine, akakikata kile kipande kirefu kikawa mistari michache iliyonyooka. Akajaribisha kwa simu yake, ikafanya kazi. Akairusha ikaanza kutumika. Jioni ile alipika wali kwa moyo mweupe, akawa anaimba. Ilikuwa Jumapili yake nzuri kuliko zote tangu apate ukuu.

Jumanne alipanda teksi ya Probox kwenda Muyinga. Kulikuwa na kikao na wakubwa wa afya wa mkoa, katika ukumbi wa hospitali, kuamua kama programu isambazwe vituo vyote vilivyobaki. Happy alibaki Gitega. Letisia alivaa gauni lake la kitenge la vikao, akasimama mbele ya watu, akaanza kueleza jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka kwa muuguzi mpaka kwa dereva. Alikuwa katikati ya sentensi simu yake ilipotetemeka mezani. Akaikata. Ikatetemeka tena. Ilikuwa namba ya Imelda, muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha milimani. Mara ya tatu akaomba radhi, akatoka nje.

"Chef Letisia, magari yenu iko wapi?" Imelda alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake sauti za watu. "Natuma message tangu asubuhi, hakuna mutu anajibu! Niko na mama hapa, anaitwa Dorotea, iko anatoka damu. Wanaume wamemubeba na ingobyi mpaka barabarani, tuko tunasimama kama wajinga!"

Ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume huibeba mabegani kama walivyoibeba babu zao! Na programu yake ilitengenezwa ili wapumzike nayo.

"Subiri, Mama Imelda. Usikate."

Alikimbia uwanjani akiwa ameshika viatu mkononi. Kulikuwa na gari moja la wagonjwa chini ya ukuta, dereva wake amelaza kiti. Aligonga kioo kwa nguvu, akamweleza kwa maneno yaliyokuwa yanagongana, na dereva, alipomwona sura, hakuuliza maswali. Gari likatoka na king'ora. Letisia akabaki katikati ya uwanja, peku, akampigia Happy.

"Happy, ujumbe hauendi kwa madereva. Angalia upesi."

Kelele za kibodi zikasikika. Kisha Happy akasema taratibu, "Dada, laini za pili ziko wapi?"

"Laini za pili zipi?"

"Namba za pili za madereva. Huko Muyinga kilima hiki kinashika mtandao huu, ukivuka upande wa pili unashika ule mwingine. Kwa hiyo kila dereva ana laini mbili. Ndiyo sababu niliwaandika mara mbili. Waliniambia wenyewe." Kibodi ikagongwa tena. "Umezifuta?"

Letisia alitazama vidole vyake vya miguu, vumbi jekundu limeingia katikati.

"Nimezifuta."

"Jana wengi walikuwa upande wa namba ulizobakiza, leo wamevuka. Programu ya zamani naweza kuirudisha sasa hivi. Namba ndiyo shida. Nakala ya akiba niliyo nayo ni ya siku nyingi, na tangu hapo madereva wengine wamehamishwa. Itabidi nilinganishe mmoja mmoja. Na umeme hapa umekatika, natumia betri."

"Kwa nini hukuandika maelezo, Happy? Mstari mmoja tu!"

"Ningeandika kwa ajili ya nani?" sauti ya Happy haikupanda hata kidogo. "Kila ninachoandika unakifuta, dada. Niliacha kueleza."

Letisia alikata simu, akaingia kwenye baraza ya hospitali, akaketi kwenye benchi kati ya wagonjwa, akatoa kompyuta mkobani. Alijua pa kushika. Hakuna aliyeijua programu ile kama yeye. Kwa mikono yake mwenyewe angemaliza haraka kuliko Happy, hilo hakuwa na shaka nalo, na damu ya Dorotea ilikuwa inamwagika barabarani. Akaingia, akaanza kuandika. Vidole vilikimbia.

Simu ikalia.

"Dada, naona kuna mtu anagusa. Ni wewe?"

"Nakusaidia."

"Tukiandika wawili mahali pamoja tutaharibu zaidi. Kama unafanya wewe, mimi natoa mikono. Kama nafanya mimi, tafadhali toka. Chagua sasa hivi."

Letisia alitazama kioo. Alitazama na watu waliokuwa benchini, mzee mmoja mwenye bandeji na mama mwenye mtoto, nao wakimtazama huyu mwanamke aliyevaa vizuri asiye na viatu. Happy alijua madereva gani wamehamishwa. Yeye hakujua hata jina la yule aliyetoka na gari sasa hivi.

"Fanya wewe," akasema. Ilimtoka kama jino linalong'olewa. "Natoka. Unahitaji nini kwangu?"

Happy hakutegemea swali hilo. Alifikiri kidogo. "Namba za sasa. Waulize wenyewe, laini zote mbili. Na wauguzi wasinipigie. Wananipigia mfululizo, sipati hata kufikiri."

Basi siku ile Letisia akawa yeye ndiye programu. Aliwatumia wauguzi wote ujumbe kwamba wampigie yeye, asiguswe Happy. Aliomba simu ya pili kwa karani wa mapokezi. Akawa amesimama barazani, simu sikio la kulia, simu sikio la kushoto. Kituo hiki kina mtoto mwenye degedege. Kituo kile kuna mkulima aliyeumwa na nyoka. Nani yuko karibu? Hakujua, akauliza. Dereva huyu yuko kwenye foleni ya mafuta, yule anabadilisha tairi. Alimtuma mmoja njia ya daraja lililokuwa limebomoka na mvua, akatukanwa kwa Kirundi mpaka masikio yakamwaka moto, akaomba radhi, akamtafutia mwingine.

Aliyemtoa jasho zaidi alikuwa Nazario. Alikuwa dereva wa siku nyingi, na ndiye peke yake aliyekuwa upande wa kituo chenye mtoto wa degedege.

"Pale siendi," Nazario alisema. "Tuma mwingine."

"Hakuna mwingine, Mzee Nazario. Wewe ndiye uliye karibu."

"Ule muuguzi wa pale alinitukana mbele ya watu. Alisema mi niko mulevi. Mi sinywe hata Primus! Mpaka akuje aniombe pardon."

Letisia alifumba macho. Katika programu, ingekuwa gari liko karibu, mafuta yapo, amri inatoka. Ugomvi wa mwezi uliopita haukuwa na mahali pa kuandikwa. Alitaka kumfokea. Alitaka kumwambia kuna mtoto anakufa. Lakini alisikia kwenye sauti ya yule mzee kwamba hilo analijua tayari, na kwamba mguu wake huenda uko juu ya pedali, anangoja tu mtu amwambie neno moja.

"Alikukosea," akasema. "Hakuwa na haki ya kusema hivyo mbele ya watu. Mimi mwenyewe nitakwenda kuongea naye, na wewe ukiwapo. Lakini leo nakuomba, nenda."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

Injini ikasikika. Nazario hakuaga.

Ilikuwa imepita adhuhuri Imelda alipopiga, na Letisia alisita kupokea. Dorotea alikuwa amejifungulia kando ya barabara, wanawake wamemzungushia khanga, kabla gari halijafika. Mtoto analia vizuri. Mama alipoteza damu nyingi, sasa yuko chumba cha upasuaji hapo hapo hospitalini, hatua chache kutoka Letisia aliposimama. Gari lilipomshusha alipitishwa mbele ya Letisia kwenye machela, na Letisia, simu zake mbili masikioni, hakujua kuwa ndiye. Baadaye daktari alitoka akasema ataishi. Letisia aliegemea ukuta, akashuka nao polepole mpaka chini, akakaa sakafuni na gauni lake la vikao.

Alasiri Happy aliandika neno moja: Imeamka. Wauguzi wakaanza kutuma ujumbe tena, madereva wakaanza kuupata, na simu za Letisia zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ukimya ule ukamtia kiwewe. Alizunguka uwanjani bila kujua akae wapi. Alikuwa na furaha, lakini furaha yenyewe alishindwa kuishika. Ya zamani aliijua: ilikuwa na mwanzo na mwisho, na jina lake lilikuwa juu yake. Hii ya leo ilikuwa ya nani? Mtoto wa degedege aliletwa na Nazario. Programu aliiamsha Happy. Yeye alikuwa ameongea tu.

Wakubwa wa mkoa waliahirisha uamuzi wao.

Siku iliyofuata, Gitega, Zihalirwa alimkalisha chini. Hakucheka.

"Nani aliharibu? Niambie jina. Kama ni Happy, nitajua ya kufanya."

"Ni mimi, Papa. Nilibadilisha kazi yake bila kumwambia. Yeye ndiye aliyeokoa."

Zihalirwa alijikuna kidevu muda mrefu. "Bon. Kosa ni langu pia, nilikutoa fasi yako. Unataka urudi? Sema tu. Unarudi kuandika, nitatafuta chef mwingine. Hakuna haya ndani."

Letisia alikuwa amelala usiku uliotangulia akiomba aambiwe maneno hayo hayo. Sasa yameambiwa, na hakujua tena kama anayataka.

"Nipe mpaka Jumatatu," akasema.

Jumamosi alikwenda Gishubi kwa wazazi. Baba yake, Anatoli, alikuwa shambani anapalilia mihogo, na Letisia alichukua jembe la mama akaingia kwenye tuta la pili. Walilima mpaka wakafika katikati ya matuta. Mzee hakuwahi kuelewa kazi ya binti yake, wala hakujifanya anaielewa.

"Baba, kule kambini, ulipokuwa kiongozi wa kijiji chetu cha mahema, uliipenda ile kazi?"

"Niliichukia," Anatoli alisema papo hapo. "Watu wananiamsha kwa ajili ya kuku. Kuku wa fulani ameingia kwa fulani. Mwaka mzima sikupanda hata mchicha wangu vizuri."

"Kwa nini hukuacha?"

Baba alisimama, akanyoosha mgongo. "Nilitaka kuacha kila siku. Halafu mtu anakuja na jambo lake, nalishughulikia, nasema nitaacha kesho." Akatema mate pembeni, akarudi kulima. "Unakata mihogo yenyewe, mama. Angalia jembe lako."

Jumatatu Letisia hakuanzia kwa Zihalirwa. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza ya Happy.

"Nisamehe," akasema. "Kwa namba, na kwa zile jioni zote."

Happy aliinamisha kichwa, akawa anachezea kofia ya kalamu. "Nilikuwa nataka kuacha kazi, dada. Barua nilikuwa nimeshaianza."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Uliponiuliza nahitaji nini, nilishangaa."

"Nataka uniondoe kwenye programu. Niweze kusoma tu, nisiweze kubadilisha hata nukta. Papa Zihalirwa ananiuliza kama nitabaki kuwa mkuu. Nikibaki na ruhusa ile nitarudia. Najijua."

Happy alimtazama kuona kama anatania. Kisha akageukia kompyuta, akabofya hapa na pale. Haikuchukua muda. Letisia alijaribu kubadilisha neno moja, mashine ikamkatalia kwa adabu, kwa maandishi aliyoyaandika yeye mwenyewe miaka ile. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Aliinuka haraka, akaenda kwa Zihalirwa kumwambia anabaki, angalau kwa mwaka huu, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeamua. Ijumaa ile ile alikuwa Muyinga, amekaa kwenye kituo cha afya kati ya Nazario na muuguzi aliyemtukana, wamenuniana kama watoto, na chai inapoa.

Hakutulia. Asiwadanganye mtu kwamba alitulia. Wiki chache baadaye hitilafu iliingia kwenye programu, na tangu asubuhi Happy alikuwa ameinama juu ya kibodi anahema kwa hasira. Letisia, mezani kwake, alikuwa anajifanya anasoma ripoti. Kwa pembe ya jicho aliona mistari ikipita kwenye kioo, na alihisi, karibu kwa hakika, tatizo liko upande gani. Vidole vilianza kugonga meza. Akavikunja. Vikaanza tena. Mwishowe aliinuka, akashuka ngazi, akanunua chai ya maziwa na maandazi barabarani, akapanda tena.

"Bado?"

"Bado."

"Unataka kunieleza, au nikuache?"

Happy alifikiri, macho hayajatoka kwenye kioo. "Niache kidogo. Nikishindwa nitakueleza."

Letisia aliweka chai karibu naye, mbali na kibodi. Simu yake ilikuwa inalia kule mezani, imeshalia sana. Akaivuka sakafu kwa hatua ndefu, akaipokea akiwa amesimama.

"Ndiyo, Mzee Nazario," akasema. "Muuguzi wako amefanya nini tena?"